Jifunze Kiebrania cha kila siku kwa mizizi ya maneno: Mswahili nusu ya kazi umeshaifanya bila kujua

MchumaPilipili

Wakuu habari za jioni. Huu uzi niliuahidi zamani kule kwenye mada ya kilimo cha matone nikawa napiga chenga, leo mvua imenifungia ndani basi naumwaga wote, atakayechoka kusoma apumzike atanikuta.

Mi nilikaa mwaka mmoja Arava, kusini mwa Israeli, jangwa tupu mpaka unajiuliza hawa watu wanavuna nini, nilienda kwa ile programu ya kusomea kilimo ambapo siku chache uko darasani na siku nyingi uko shambani. Arava ni pilipili hoho. Asubuhi pilipili, mchana pilipili, usiku ukifumba macho unaona pilipili. Darasani ni Kiingereza, shambani ni Kiebrania na Kithai maana wafanyakazi wengi wanatoka Thailand, na lugha hakuna mtu alonifundisha, nilinunua kijitabu cha sentensi nikakariri naomba maji, choo kiko wapi, bei gani, wiki ya pili yote yameyeyuka.

Kilichonifungua masikio ni neno la kazini. Msimamizi anapiga kelele pilpel, pilpel. Nikasema ebu ngoja, pilpel, pilipili? Baadae nikaja kujua hilo si lao wala si letu, limetoka India pamoja na viungo vyenyewe, huku likashuka kwa majahazi kule likapita njia yake. Ila kuanzia siku hiyo nikawa nasikiliza tofauti. Dukani nasikia sabon, nageuka, kumbe sabuni. Sukar, sukari. Limon, limau. Mtu anauliza saa anasema ma hasha'a, sha'a ndo saa hiyo hiyo. Mgahawani mtu anainua mkono anasema kheshbon, anataka bili, ni hesabu hiyo wakuu! (kh soma kama kwenye kheri, siyo h ya hewa)

Sasa hayo ni mapambo tu. Nyama yenyewe ni mzizi. Wao wanaita shoresh, na neno hilo hilo ndo la mzizi wa mti, kwa hiyo shambani nililisikia kabla ya kulijua kwenye lugha. Sisi tuna pika, tunabandika mbele na nyuma tunapata mpishi, mapishi, upishi, pikia, pikisha. Wao mzizi ni konsonanti tatu zimekaa kama mifupa, halafu irabu zinapita katikati yake zinabadilisha maana. Chukua K-T-V. Katav aliandika. Mikhtav barua. Ktovet anwani. Ktuba ni ule mkataba wa ndoa anaoandikiwa bibi harusi. Sasa angalia kwetu: kitabu, katibu, maktaba, mkataba. Mifupa ile ile, tumeipata kwa Waarabu. Ukishajua kwamba b yao ikija baada ya irabu inalainika inakuwa v, na k inakuwa kh, na p inakuwa f, basi katav na kitabu hazikupigi chenga tena.

Na hapa ndo Mswahili tunawazidi Wazungu kabisa. Niliwaona wenzangu wa Ulaya wanalia na kitu kinaitwa binyanim, maana yake majengo, yako saba, kila mzizi unaingizwa kwenye jengo unatoka na kazi tofauti. Mzungu anaona ni uchawi. Sisi? Katav aliandika, nikhtav iliandikwa, hikhtiv aliandikisha yaani alimsomea mwenzie aandike, hitkatev aliandikiana barua na mtu. Si viambishi vyetu hivo jamani, -wa, -isha, -iana, tofauti wao wanaweka mbele na ndani sisi tunaweka mkiani. Akhal alikula, okhel chakula, he'ekhil alilisha. Lavash alivaa, hilbish alimvisha mwingine, hitlabesh alivaa mwenyewe, ile -ji- yetu. Lamad alijifunza, limed alifundisha, talmid mwanafunzi. Mi hayo majengo saba nimeyaelewa jioni moja nimekaa juu ya kreti la pilipili, sijisifu ni lugha ya mama tu imenibeba.

Naendelea chini nikishiba, ulizeni.

Kisoda

Mkuu uzi mzuri ila nina swali la kijinga. Uko sokoni muuza nyanya anakuuliza unataka kilo ngapi, utamjibu kwa mzizi? Mi Kichina nilijifunza kwa kukariri sentensi tu na biashara inaenda.

MchumaPilipili

Sijakataa sentensi mkuu, zile hamsini za mwanzo kariri, hakuna njia. Mzizi unakusaidia kuanzia neno la hamsini na moja. Yaani unaliona neno kwenye kibao hujawahi kulikuta maishani, unalivua nguo, unatoa mi- au ma- au ha- mbele, unatoa -im au -ot au -et au -iya nyuma, zikibaki konsonanti tatu unaziuliza mnafanana na nani. Mafteakh nililiona kwenye tangazo la mlangoni, nikavua, P-T-KH, nilikuwa najua poteakh ni anafungua, basi mafteakh ni ufunguo. Na sisi ufunguo si umetoka kwenye fungua? Na waliokaa madrasa Alfatiha si ndo sura ya kufungulia? Neno moja likaniletea matatu na sijalisahau mpaka leo.

Na nyanya kwa sababu umezitaja: agvaniya. Hiyo ina kisa chake nitakuja nayo.

NesiWaZamu

Sasa wadau, mimi niko Nakuru, nimesoma hii nikiwa kwa zamu ya usiku na nimecheka peke yangu. Mtoto wangu anaitwa Rafaeli na sikuwahi kujua ni kwa nini. Mleta uzi majina ya Biblia nayo ni mizizi ama yako kivyake?

MchumaPilipili

Dada umegusa penyewe. Majina ya kanisani ni kamusi mfukoni, watu wanaimba kila Jumapili hawajui wanaimba nini.

Rafaeli ni R-P-A, kuponya, na El ni Mungu. Mungu ameponya. Na daktari kwa Kiebrania ni rofe, mzizi huo huo, kwa hiyo wewe nesi umemwita mtoto jina la kazini kwako. Ezra ni msaada, na huduma ya kwanza wanaiita ezra rishona, ukiona kisanduku chenye msalaba au ile nyota nyekundu ndo kimeandikwa hivo. Rishona ni ya kwanza, imetoka kwa rosh, kichwa, Rosh Hashana kichwa cha mwaka. Kwetu rosh imekaa kwenye rasi, ile ncha ya nchi inayoingia baharini, na kwenye rasilimali, kichwa cha mali. Yonathani ni Mungu ametoa, natan alitoa, matana zawadi. Yona ni njiwa, ndo njiwa huyu huyu wa darini. Debora nyuki. Tamari mtende, na tende yenyewe tamar, Arava zimejaa. Isaka ni atacheka, sababu Sara alicheka, na mpaka leo kucheka ni litskhok. Danieli ana D-Y-N ya hukumu, dayan ni hakimu wa mahakama ya dini. Adamu ametoka kwenye adama, udongo, na adom ni nyekundu, na dam ni damu, hiyo ya mwisho haihitaji mkalimani.

Beit ni nyumba ya kitu fulani. Betlehemu nyumba ya mkate, Betheli nyumba ya Mungu, hayo mnayajua. Sasa endelea mwenyewe: beit sefer nyumba ya kitabu, shule. Beit kholim nyumba ya wagonjwa, hospitali. Beit mishpat nyumba ya hukumu, mahakama. Ukijua neno moja umeshajua nusu ya mji. Na washairi wa humu, beti ya shairi ni nyumba hiyo hiyo, bayt ya Waarabu.

NesiWaZamu

Haki ya Mungu nimeamsha mwenzangu nimwambie. Magonjwa je?

MchumaPilipili

Magonjwa yana kalibu yake dada, kalibu kama ya matofali, unamwagia mzizi wowote unatoka ugonjwa. Mlio wake ni a-e-et. Kelev ni mbwa, kalevet kichaa cha mbwa. Tsahov rangi ya manjano, tsahevet ule ugonjwa wa manjano wa macho na ngozi. Adom nyekundu, ademet rubela. Nazal ilitiririka, nazelet mafua, pua inatiririka. Sema usiiamini kalibu asilimia mia, rakevet ina mlio huo huo na ni treni siyo ugonjwa.

Ustadhi wa Mkunazini

Assalaam aleikum wana jamvi. Nimeupenda uzi ila ndugu yetu mchuma pilipili kuna jambo amelipitia juu juu. Kiswahili hakikuchukua kitu kwa Kiebrania moja kwa moja. Sisi tumechukua kwa Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, mama yao mmoja. Kwa hiyo neno letu na neno lao ni kama mtoto wa mama mdogo na mtoto wa mama mkubwa, wanafanana pua lakini mmoja hakumzaa mwenziwe.

Na ufanano wenyewe una kanuni, si wa kubahatisha. Nitatoa zile zinazofaa kwa Mswahili.

Penye th ya Kiarabu, wao huweka sh. Thelathini, shloshim. Themanini, shmonim. Kitunguu thumu, ambacho wa bara mnakiita saumu, wao shum. Na hadithi pia imo. Mzizi wake asili yake ni upya, jambo jipya lililotokea. Kwao khadash ni -pya, khodesh ni mwezi kwa sababu unaandama upya, na khadashot ni habari, taarifa ya habari ya redioni. Hadithi na khadashot, ndugu wawili.

Dh yetu imebeba herufi tofauti za Kiarabu, hapa ndipo wanafunzi hupotea. Ile ya dhahabu huwa z: zahav. Dhikiri, zikaron, ukumbusho, na Nabii Zakaria jina lake limo humo. Dhiraa tunayopimia kitambaa, kwao zroa, mkono kutoka begani. Lakini dh ya ardhi ni nyingine, hiyo huwa ts: ardhi, erets. Adhuhuri, tsohorayim. Mtu akikwambia akhar hatsohorayim ni baada ya adhuhuri, alasiri.

Gh ya Kiarabu kwao imemezwa kooni. Magharibi ni ma'arav, na jioni ni erev, jua linapozama. Huwezi kusahau hiyo ukiwa Muislamu unayeswali.

Hesabu nadhani hazihitaji maelezo. Sita shesh, saba sheva, tisa tesha. Ishirini esrim, arobaini arba'im, hamsini khamishim, mia me'a, elfu elef. Mswahili anayejua kuhesabu hadi elfu anazo hizo zote, kazi yake ni kubadilisha ulimi.

MchumaPilipili

Ustadhi umenikata maini, mi hizo kanuni nilizipapasa mwaka mzima nawe umezimwaga kwa dakika tano. Chukua tano.

Na kwenye dhahabu naongezea tunda. Chungwa wanaita tapuz. Nilidhani ni jina tu. Kumbe ni tapuakh zahav, tufaha la dhahabu, wamelikatakata wakaliunganisha kama sisi tunavokata mwananchi. Kiazi mviringo ni tapuakh adama, tufaha la udongo, yule Adamu wa juu. Na pesa kesef, na kesef hiyo hiyo ni ile madini ya fedha, yaani wamefanya vile vile kama sisi fedha na fedha. Hapo hakuna mzizi wa pamoja ila wazo ni moja.

Uzao_Wa_Yuda

Nimewasoma kimya kimya mnavyozunguka mbuyu. Semeni ukweli, Kiswahili kimetokana na Kiebrania, sisi ndio Waebrania wenyewe. Ushahidi: kwa Kiebrania hapa ni PO. Sisi tunasema alipo, ulipo, nilipo. Kwa Kiebrania ngapi ni KAMA. Kule ni SHAM, kwetu shamba. Hai ni KHAI. Mnataka nini zaidi?

MchumaPilipili

Ndugu yangu taratibu. Neno mbili tatu fupi kufanana ni bahati, lugha yoyote na yoyote utaokota kumi. Kwa Kiebrania hu ni yule mwanaume na hi ni yule mwanamke na mi ni nani, sa Mwingereza naye aseme nini. Po yao na -po yetu ni bahati, -po ni ya Kibantu, iko mpaka lugha za ndani huko ambazo hazijawahi kuona Mwarabu. Sham na shamba bahati. Kama na kama bahati. Khai na hai hiyo sawa ila imepita kwa Kiarabu kama Ustadhi alivosema, Hawa naye kwao ni Khava, mama wa walio hai. Ila usije ukaomba chai kule ukasema khai, chai ni te, khai ni ile alama wanavaa shingoni ya uhai.

Na ukimwita mwenzio kaka kwa sauti watoto watakufa kwa kicheko, kwao kaki na jamaa zake ni kinyesi cha mtoto. Yamenikuta.

Ustadhi wa Mkunazini

Kwenye kama ndugu mchuma umeteleza. Si bahati kabisa. Kama yetu ni ya Kiarabu, ka yenye maana ya mfano wa, na ma yenye maana ya kile au nini. Kama yao ya kuuliza idadi imeungwa vile vile, ke na ma, mfano wa nini, kiasi gani. Vipande ni vile vile, matumizi yakaachana. Kwa hiyo bwana Uzao kapiga jiwe gizani na moja limempata ndege.

Na kila yetu, hiyo ni kull ya Kiarabu, na kwao kol.

Uzao_Wa_Yuda

😂😂 Hata moja inatosha

Kisoda

Mleta uzi wewe unasifia tu. Hii mizizi haijawahi kukuingiza chaka?

MchumaPilipili

Ilinilaza njaa. Sikiliza.

Siku zao hazina majina, wanahesabu, yom rishon siku ya kwanza, yom sheni ya pili, yom shlishi ya tatu, mpaka Shabat. Na sisi tunahesabu, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Sa mi nikaona mteremko, shlishi ni tatu, Jumatatu ni tatu, imeisha hiyo. Ila sisi tunaanza kuhesabu baada ya Ijumaa na wao wanaanza baada ya Shabat, kwa hiyo yom rishon ni Jumapili na yom shlishi ni JumaNNE. Bado. Saa. Sheva ni saba kweli, lakini sheva yao ni saba ya kwenye mshale, saa yetu moja. Nikaambiwa gari la kwenda Be'er Sheva ni yom shlishi besheva. Kichwani nikaandika Jumatatu saa saba. Jumatatu mchana jua la Arava nimesimama barabarani na begi kama mtu alofukuzwa kwao, saa saba, saa nane, hakuna gari, nikarudi nikiwatukana kimoyomoyo. Kesho yake asubuhi saa moja niko usingizini simu inaita mpaka inazimika, gari limekuja, limengoja, limeondoka. Hela yangu ya mwezi ilikuwa huko, na chakula changu kilikuwa kinategemea hiyo hela. Wiki nzima nimekula pilipili hoho na mkate.

Be'er Sheva yenyewe kisima cha saba, au kisima cha kiapo, maana Mwanzo 21 inacheza na yote mawili, kondoo saba wa Ibrahimu na kiapo. Mi nilicheza na saba nikapigwa.

Chaka lingine ni mizizi pacha. S-P-R: sefer kitabu, sofer mwandishi, sipur hadithi, mispar namba, sifriya maktaba, safi kabisa. Halafu unaingia sapar na misparayim ukidhani ni mambo ya vitabu, ni kinyozi na mkasi, mzizi mwingine umevaa nguo zile zile. Na lekhem. Lekhem ni mkate, Mwarabu lahm kwake ni nyama. Neno moja, kila nyumba ikalipa chakula chake kikuu. Milkhama nayo ina L-KH-M na ni vita, mi sitaki kusikia mtu anasema wanapigania mkate.

Binti Forodhani

Mkisema nguo zile zile mimi nataka kujua kuhusu Knesset, kila siku naisikia kwenye taarifa ya habari.

MchumaPilipili

K-N-S, kukusanya. Knesset ni kusanyiko, ndo bunge. Beit kneset nyumba ya kukusanyikia, sinagogi. Sasa kaa chini kabla sijakwambia: kanisa. Kanisa tumechukua kwa Kiarabu, Waarabu walichukua kwa Kiaramu, mzizi K-N-S huo huo. Kwa hiyo bunge lao, sinagogi lao na kanisa la kwetu kijijini ni watoto wa mzizi mmoja.

Na ibada nayo. Hii ndo niliipenda kuliko zote. Kila asubuhi mtu anapiga honi anasema yalla, la'avoda, twendeni kazini (yalla wameazima kwa Waarabu mzima mzima). Avoda, kazi. '-V-D (hiyo alama ya mbele ni ayin, konsonanti ya kooni). Oved mfanyakazi, eved mtumwa. Mi nikawa nawaza hii nimeisikia wapi, mpaka siku namsikia jirani Muislamu anaongelea ibada, na jina la Abdallah, mtumwa wa Mungu. Na kwenye Biblia yao kazi ya makuhani hekaluni ni avoda hiyo hiyo. Kazi na ibada neno moja, basi ukiwa umeinama kwenye matuta nyuzi arobaini juani unajisemea haya leo nasali.

Salamu je. SH-L-M. Shalom, salama, salamu. Shalem ni kamili, kisichopungua. Sa angalia, leshalem ni kulipa, tashlum malipo. Ukilipa deni unalifanya kamili, mnakaa kwa amani. Ndo maana kwenye mashine ya kulipia unaona neno linafanana na shalom ukadhani inakusalimia, inataka hela.

Na SH-B-T ya Shabat ni kuacha kazi, kwa hiyo mgomo wa wafanyakazi ni shvita. Wasabato mnisamehe.

Ustadhi wa Mkunazini

Niongeze moja kisha nikalale. Polisi kwao ni mishtara, askari ni shoter. Mzizi asili yake ni kuandika. Shoter wa kale alikuwa ofisa wa kuandikisha watu. Kwa Kiarabu satr ni mstari wa maandishi, na mstari wetu umetoka hapo. Mstari na mishtara ukiziweka pamoja ni kalibu moja. Noti ya fedha kwao ni shtar, karatasi iliyoandikwa.

Kisoda

Kumbe trafiki na mstari ni ndugu, ndo maana. Haya lete nyanya uliyoahidi.

MchumaPilipili

😂 Nyanya.

Kiebrania kilikaa karne nyingi ni lugha ya sala na vitabu, watu hawanunulii samaki. Eliezer Ben-Yehuda, yule aliyepigania Kiebrania kirudi kuwa lugha ya kuongea, anafika Yerusalemu 1881, mwaka unaofuata anapata mtoto wa kiume, anaamua mtoto huyu asisikie lugha nyingine yoyote nyumbani. Sawa, sasa mtoto anataka mdoli, anataka aiskrimu, maneno hamna. Baba anachimba mizizi. Et ni wakati, akatoa iton, gazeti. Mila ni neno, milon, kamusi. Aiskrimu glida, kutoka neno la Kiaramu la baridi ya barafu. Baiskeli ofanayim, ofan ni gurudumu lile la Ezekieli, na ile -ayim ni ya vitu viwili viwili, magurudumu mawili. Hiyo ya baiskeli inasemwa ni ya huyo mtoto mwenyewe, Itamar, alivokua akawa mwandishi wa habari.

Ila siyo kila neno lilipita, kama sisi tu BAKITA wanatuletea rununu na watu tunasema simu. Nyanya wenzake wakatunga agvaniya, kutoka mzizi wa kutamani kimapenzi, maana Ulaya kuna waliokuwa wanaiita tufaha la mapenzi. Ben-Yehuda akaona aibu, neno gani hilo mezani mbele ya watoto, yeye akashikilia badura, kutoka bandora ya Waarabu wa pale. Akashindwa. Mpaka leo muuza nyanya anapiga kelele sokoni agvaniyot, agvaniyot, na hakuna anayeona aibu.

Lililonishangaza kuliko yote ni umeme. Khashmal. Fungueni Ezekieli sura ya kwanza mstari wa nne, kile kitu kinachong'aa katikati ya moto, kwenye Biblia ya Union tuna kaharabu. Kwa Kiebrania pale pana khashmal. Mshairi Yehuda Leib Gordon karne ya 19 akachukua neno hilo akalipa umeme. Kwa nini kaharabu? Kwa sababu ukisugua kaharabu inavuta vumbi na nywele, Wagiriki waliona zamani, na kaharabu kwao ni elektroni, ndo Wazungu wakapata elektriki yao. Na Ustadhi hajalala najua, Waarabu umeme ni kahraba, ni kaharabu hiyo hiyo. Wote watatu wamepita njia moja, sisi peke yetu tulitazama juu tukachukua umeme wa radi. Niliisoma hiyo usiku taa imezimika bweni zima, nikacheka peke yangu gizani.

NesiWaZamu

Naomba namna ulikuwa unaandika, nataka kuanza wiki hii.

MchumaPilipili

Daftari la kawaida la kaunta. Ukurasa mmoja mzizi mmoja, juu herufi tatu, chini kila neno unalolikuta siku ulolikuta na mahali, mfano tashlum, mashine ya basi. Usitafute maneno, yasubiri yaje. Pembeni weka ndugu wa Kiswahili kama yupo, kama hayupo usimlazimishe. Kurasa zangu nyingi zilibaki na maneno mawili tu na si neno, ukurasa wa '-V-D ulijaa mpaka jaladani.

Herufi zenyewe usiziogope, nazo zina maana. Beit nyumba, yod mkono, ayin jicho, resh kichwa, shin jino.

Kisoda

Swali la mwisho nikazime simu. Asante ni toda si ndiyo? Mzizi wake nini, nimevua nguo zote nimebaki na d moja tu.

MchumaPilipili

Hahaa hiyo ni ya mizizi dhaifu, inadondosha herufi njiani. Ni Y-D-H, kushukuru, kusifu. Mwanzo 29 Lea anazaa mtoto wa nne anasema sasa nitamshukuru Bwana, akamwita Yehuda. Yuda. Kwa hiyo bwana Uzao_Wa_Yuda muda wote huu amekaa na asante kwenye jina lake na hakutupa hata moja.

Uzao_Wa_Yuda

Haya TODA mkuu. Ila ya kabila langu nina ushahidi, kesho naleta uzi wake.

Ustadhi wa Mkunazini

Ulete mapema nikiwa macho.